Mitungi Kumi na Miwili ya Mashujaa wa Anga

Ipo nchi moja ambayo majirani zake wanaiita kwa majina mengi, baadhi yake hayaandikiki, lakini wenyewe wanaiita Taifa, basi, kana kwamba duniani hakuna lingine. Katika Taifa kila jambo jema huanza kwa tangazo. Mengine huishia hapo hapo kwenye tangazo, na wananchi hawalalamiki, kwa sababu utaratibu wa kulalamika bado unaandaliwa na kamati yake imekwenda semina.

Mwaka huo jambo jema lilihusu anga. Asubuhi moja redio ilitangaza kwamba Taifa limewarusha wanaanga kumi na wawili kuelekea nyota ya mbali. Ngoma zikapigwa, shule zikafungwa, na wakuu wa wilaya wakaanza kugombania nyota hiyo ipewe jina la wilaya ya nani. Siku ya tatu redio hiyo hiyo ikafafanua kwamba wanaanga wamerushwa katika filamu. Watu wengi hawakuona tofauti kubwa. Hospitali mpya, barabara ya lami na mradi wa maji navyo walikuwa wameviona kwenye skrini tu, na hakuna aliyekufa kwa mshangao.

Filamu iliitwa Mbali Kuliko Mawingu. Iliandaliwa na Wizara ya Fahari na Habari chini ya jicho la Waziri Makeke mwenyewe, mtu mwenye sauti nene ambaye hakuwahi kutamka sentensi fupi hata alipokuwa akiagiza chai. Rais hakuigiza, kazi zilikuwa zimemzidi, ila picha yake ilitundikwa katika kila chumba cha chombo, mpaka cha injini. Katika kisa chenyewe dunia imeharibiwa na wageni, na mashujaa kumi na wawili wa Taifa wanasafiri miaka tisa kutafuta makazi mapya. Wanalima nyanya ndani ya chombo, wanapambana na dude lenye macho sita, na mwishoni nahodha anatoa hotuba ndefu huku nyuma yake imepangwa mitungi kumi na miwili ya oksijeni, kila shujaa na wake. Filamu inakwisha wakiwa bado njiani, wakipunga mikono, kwa kuwa Waziri alikuwa ameshaahidi sehemu ya pili.

Kilichobaki ni kujua watu wameipokeaje, na kazi hiyo ilimwangukia Damasi Lihanda.

Lihanda alikuwa Karani wa Maoni, Daraja la Pili. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akikusanya maoni ya wananchi kuhusu mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Fomu yake ilikuwa na visanduku vitatu: Nzuri, Nzuri Sana, na Nimekosa Maneno. Watu waliweka alama ya vema, yeye akajumlisha, Wizara ikashukuru. Alikuwa mtu mwema kwa namna ambayo watu wengi wa ofisini ni wema. Hakumwonea mtu, hakuchelewa kazini, na hakuwa na mazoea ya kusoma alichokuwa akikipiga muhuri.

Safari hii fomu ilibadilika. Tamasha moja la filamu la ng'ambo lilisema haliwezi kuipokea Mbali Kuliko Mawingu mpaka ije na maoni ya watazamaji wa kawaida, yaliyoandikwa kwa mkono na kwa maneno yao wenyewe. Waziri aliitaka tuzo ya ng'ambo kuliko alivyoutaka usingizi, kwa hiyo visanduku vikaondolewa na mahali pake ikawekwa mistari minane mitupu. Bwana Tenge, mkurugenzi wa idara, alishika kichwa. Alisema kumpa mwananchi mistari minane ni sawa na kuacha mlango wa mbele wazi halafu ukaenda kuoga.

Lihanda alipelekwa Mkongwa, wilaya ya pembezoni, ambako filamu ilionyeshwa mchana katika ghala la zamani la pamba lililozibwa madirisha kwa mablanketi. Walijaa watu zaidi ya mia mbili. Yeye alikaa nyuma na mwongozo wa Wizara mapajani, na mapema tu akaona kwamba mambo hayaendi kama yalivyopangwa. Watazamaji walitakiwa kucheka katika dakika ya kumi na nne, dude lilipoteleza. Wao walicheka katika dakika ya sita, nahodha alipoapa kwamba hakuna raia atakayeachwa nyuma. Walitakiwa kulia chombo kilipoiaga dunia. Hapo wakashangilia, na vijana waliosimama ukutani wakauliza kwa sauti kama kuna nafasi zilizobaki. Kulia walilia baadaye, mahali ambapo hapakuwa na huzuni yoyote, mwanaanga mmoja alipofungua bomba akanawa uso, na maji yakaendelea kutoka hata alipokwisha kunawa.

Kisha wakajaza fomu, na mistari minane ikafanya kazi yake. Fundi cherehani aliandika kwamba nguo za wanaanga zimeshonwa vibaya kwapani na zitachanika kabla ya mwezi. Mpima ardhi mstaafu alionyesha kwa mchoro kwamba chombo kiliondoka mashariki kikaelekea mashariki kikabaki mashariki. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mboga aliipenda sana filamu na akaomba mbegu za zile nyanya. Mzee mmoja aliandika kwamba katika wote alilipenda dude, kwa sababu lilikula watu waziwazi bila kuwahutubia kwanza. Mwingine aliomba radhi kwamba alisinzia. Fomu ishirini na tatu hazikuwa maoni hata kidogo, zilikuwa maombi ya kuhama nchi, na mbili kati yake ziliambatanishwa na vyeti vya kuzaliwa.

Lihanda alizisoma zote akiwa amekaa juu ya kreti pale pale ghalani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba alijikuta anacheka kazini, akatazama huku na huku kama aliyefanya jambo la aibu. Halafu akafika kwenye fomu moja iliyoandikwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

“Filamu ni nzuri,” ilisema. “Mitungi ya oksijeni inayoonekana nyuma ya nahodha ni ya wodi ya watoto ya hospitali ya hapa. Iliazimwa kwa siku nne, sasa ni mwezi wa kumi na nne. Wa tatu kutoka kushoto una herufi A.M. karibu na koki, nilizikwaruza mimi kwa msumari. Tunaomba irudi. Asante kwa sinema. Apaisaria Mmbaga, muuguzi.”

Utaratibu ulisema kwamba maoni yasiyoeleweka yafafanuliwe na mhusika kabla ya kupigwa muhuri. Maoni hayo yalikuwa yanaeleweka kabisa, na pengine ndiyo sababu Lihanda hakuweza kuyapiga muhuri. Aliweka fomu nyingine kwenye mkoba, hiyo akaishika mkononi, akatembea mpaka hospitali.

Alimkuta Nesi Apaisaria wodini, mwanamke wa makamo aliyevaa ndala kwa kuwa viatu vya kazi vilikuwa vimekwisha soli. Vitanda vilikuwa kumi na kimoja na mtungi mmoja. Mtungi wenyewe ulikuwa juu ya kigari chenye gurudumu bovu, na nesi alikuwa akiusukuma kutoka kitanda hadi kitanda kwa kufuata saa ya ukutani, dakika ishirini kwa kila mtoto aliyehitaji. Hakusimamisha kazi ili azungumze na mgeni. Alizungumza huku anasukuma. Alieleza kwamba watu wa filamu walikuja na gari zuri, wakasema wanataka vitu halisi ili picha ionekane ya kweli, na mganga mkuu akaona haya kuikatalia Wizara. Kutoka mfuko wa gauni lake alitoa hati ya kuazima, imekunjwa mara nne, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Muhuri uliokuwa chini yake Lihanda aliutambua mara moja, kwa kuwa wa namna hiyo hiyo alikuwa nao mkobani.

Aliuliza, kwa sababu fomu ya ufafanuzi ilitaka aulize, ucheleweshaji huo umeleta athari gani.

“Unataka idadi au majina, kaka?”

Lihanda alisema fomu haikubainisha.

“Majina hayaenei kwenye mistari minane,” alisema nesi. Akalegeza barakoa ya mtoto mmoja, akaanza kusukuma kigari kuelekea kitanda cha pili. “Andika tu kwamba tunaomba mitungi.”

*

Maoni ya wilaya zote yalipofika makao makuu, Waziri Makeke aliitisha kikao cha dharura. Ilikuwa imedhihirika kwamba watazamaji wa Taifa wamegawanyika. Wapo waliocheka, wapo waliolia, wapo waliolala, na wote katika ukumbi mmoja.

“Taifa lenye umoja haliwezi kuwa na watazamaji wa namna mbili,” alisema Waziri, na wajumbe wakaanza kuandika hata kabla hajafika mahali pa kuandikwa. “Haiwezekani mtu acheke na jirani yake alie, mbele ya skrini ile ile, chini ya serikali ile ile. Huo si utazamaji. Huo ni uchochezi wa macho.”

Ikaundwa Kamati ya Kuoanisha Maoni, ikakamilisha kazi kabla ya chakula cha mchana. Kicheko chote kikaandikwa furaha. Machozi yakaandikwa uzalendo. Waliosinzia waliingizwa kwenye utulivu wa kisiasa, na walioomba kuhama nchi wakawa vijana wenye ari ya sayansi. Yule mzee aliyelipenda dude alichukua muda kidogo, mwishowe akawekwa kwa wapenda wanyama. Lihanda ndiye aliyekuwa akihamisha fomu kutoka rundo moja kwenda jingine, na mkono wake ulifanya kazi hiyo kwa wepesi wa miaka kumi na saba. Ilipobaki fomu moja mkononi bila rundo la kuiweka, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinyoosha kidole.

Bwana Tenge alimtazama kana kwamba kabati la mafaili limekohoa.

Lihanda alieleza habari ya mitungi, akasoma na hati ya kuazima aliyokuwa ameinakili. Waziri alimsikiliza kwa upole mkubwa, kisha akamuuliza mashujaa wa anga wako wapi kwa wakati huo. Lihanda alijibu kwamba kwa anavyojua, nahodha anauza bima mtaa wa pili kutoka hapo.

“Wako njiani, Bwana Karani,” alisema Waziri. “Filamu imekwisha wakiwa angani, na sehemu ya pili bado. Sasa unataka serikali iwanyang'anye mitungi wakiwa katikati ya nyota? Watapumua nini?”

Mjumbe mmoja mwenye shahada tatu alisema kwamba kisayansi hoja ya Mheshimiwa ni nzito. Ikaandikwa kwenye muhtasari kwamba ombi la muuguzi wa Mkongwa, kwa maana yake halisi, ni pendekezo la kuwaua mashujaa kumi na wawili wakiwa kazini, ila kwa kuwa limeletwa kwa lugha ya adabu, mhusika asamehewe.

Lihanda angeweza kuishia hapo, na wengi tuliowahi kufanya kazi ofisini tungeishia hapo. Lakini wiki ile alipitia Makumbusho ya Ushindi wa Anga, yaliyokuwa yamefunguliwa jirani na Wizara, akaiona mitungi imepangwa ndani ya kabati la kioo na kumulikwa taa za buluu. Alihesabu kutoka kushoto. Kwenye wa tatu, karibu na koki, palikuwa na herufi mbili zilizopinda. Kisha akatazama kipimo. Mshale ulikuwa umesimama kwenye alama ya kujaa. Akatazama cha mtungi wa pili, wa nne, wa tano. Vyote vilionyesha kujaa. Katika miezi kumi na minne hakuna mwanaanga aliyevuta hata pumzi moja. Alisimama pale mpaka mlinzi akamkumbusha kwamba muda wa kutazama kitu kimoja ni dakika mbili.

Ndipo akapata wazo, na lilikuwa wazo la karani. Wizara isingeweza kurudisha kitu, kwa sababu kurudisha ni kukiri kwamba ulichukua. Lakini kuonyesha iliweza. Aliketi akaandika andiko la mradi: Maonyesho ya Mitungi ya Mashujaa kwa Wananchi wa Pembezoni, yaanzie wodi ya watoto ya Mkongwa, ili wagonjwa wapate hamasa. Neno hamasa alilirudia mara nne. Waziri alitia sahihi siku ile ile, akamteua Lihanda kuwa msimamizi na kumkabidhi ufunguo wa kabati. Lihanda aliutia mfukoni akijiona mjanja kwa mara ya kwanza maishani. Alifikiri mitungi ikishafika wodini, yaliyobaki yatajiendea yenyewe. Nani atathubutu kulifungua kabati, hilo hakujiuliza.

*

Mitungi ilirudi Mkongwa kwa gari lenye bendera, ikifuatwa na bendi. Kabati lilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyokuwapo, kwa hiyo vitanda vitatu vilitolewa nje vikawekwa varandani, na watoto wao juu yake. Kamba nyekundu ilizungushwa, askari akasimama kando. Mkuu wa wilaya aliwahutubia wagonjwa kwa dakika hamsini kuhusu wajibu wa kizazi kipya kuvuta pumzi kwa uzalendo. Watoto waliotazama mitungi hawakukubaliana. Mmoja aliogopa taa za buluu, mwingine aliuliza kama ndani mna soda. Wawili hawakuwa na nguvu ya kugeuza shingo.

Nesi Apaisaria alisubiri bendi imalize, akamwendea Lihanda, akamuuliza watafungua saa ngapi. Lihanda alimwambia avute subira, kuna utaratibu. Nesi alimtazama, akarudi kwenye kigari chake.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mtungi wa wodi ulikwisha. Mwingine ulikuwa umeagizwa mkoani na ungefika kesho yake. Zamu ilikuwa ya Tunu, msichana wa miaka minne mwenye nimonia, na mama yake alikuwa amemkalisha kifuani akimshika mabega kila alipovuta pumzi, kana kwamba angeweza kuivuta kwa niaba yake. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nesi alikuja akasimama mbele ya Lihanda.

Lihanda alimpigia simu Bwana Tenge. Bwana Tenge alisema jambo hilo ni zito, akate simu asubiri. Alisubiri. Kutoka kwenye kiti chake aliisikia ile pumzi, fupi fupi, kama mtu anayepanda ngazi mbio. Simu ilipolia, jibu lilikuwa kwamba ombi liwasilishwe kwa barua, nakala tatu, pamoja na picha ndogo mbili za mgonjwa. Na Lihanda, hili lazima lisemwe kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, alitoa karatasi mkobani akaanza kuandika. Aliandika anwani. Aliandika tarehe. Aliandika YAH: na kupiga mstari chini yake kwa rula.

Nesi hakupaza sauti. Alikifungua kiganja chake akakiweka juu ya karatasi, mahali pale pale ambapo kalamu ilikuwa ielekee.

Lihanda aliweka ufunguo kwenye kiganja kile. Askari aligeuka akatazama ukuta, akaendelea kuutazama kwa muda mrefu sana.

Nesi alifungua mtungi wa tatu kutoka kushoto. Oksijeni ilitoka kwa mlio mwembamba, na Lihanda aliyekuwa amesimama karibu alimwona Tunu akivuta, akivuta tena, mabega yakishuka kidogo kidogo, midomo ikirudi rangi yake. Mama mtu alianza kulia. Lihanda naye alisikia macho yanamwasha, akaona raha ambayo hakulijua jina lake. Kufikia saa nane nesi alikuwa amefungua mitungi minne na vitanda vinne vilikuwa vinapumua kwa wakati mmoja, jambo ambalo wodi ile ilikuwa haijaliona kwa zaidi ya mwaka.

Saa tisa mkuu wa wilaya alikuja kupiga picha na mitungi, akakuta kabati li wazi.

*

Apaisaria Mmbaga alishtakiwa kwa kosa la kupunguza pumzi za mashujaa wa Taifa wakiwa safarini kikazi. Mitungi yote ilirudishwa makumbusho siku ile ile, ile minne ikiwa na vibandiko vyeusi. Watoto walikesha bila oksijeni mpaka gari la mkoani lilipofika. Tunu alipona. Mtoto mmoja wa kitanda cha varandani hakufika asubuhi, lakini hilo halikuwa sehemu ya kesi.

Kabla ya kusikilizwa kwa shauri Bwana Tenge alimwita Lihanda ofisini, akamwagizia chai. Alimweleza kirafiki kwamba mezani pana majalada mawili. Moja ni la karani aliyenyang'anywa ufunguo, jingine ni la karani aliyeutoa. Wa kwanza ana kazi na nyumba ya serikali. Alimwomba achague yeye ni yupi, maana wao kama idara wasingependa kumwingilia katika maoni yake.

Mahakamani askari alisema aliona ukuta. Lihanda alipopanda kizimbani alisema kwamba mshtakiwa alimnyang'anya ufunguo alipokuwa anaandika barua. Alilisema mara moja, haraka, macho yake yakiwa kwenye kitasa cha mlango. Hakimu akamgeukia nesi, akamuuliza kama ni kweli.

Nesi Apaisaria alimtazama Lihanda kwanza. Lihanda alijua kwamba anatazamwa na hakuinua uso.

“Ni kweli,” alisema nesi. “Nilimnyang'anya. Yeye alikuwa anaandika.”

Akafungwa miaka minne, mwaka mmoja kwa kila mtungi. Lihanda alipandishwa kuwa Daraja la Kwanza mwezi uliofuata. Filamu ilikwenda ng'ambo na maoni yaliyooanishwa, ikarudi na cheti cha kushiriki, na siku hiyo ilikuwa mapumziko. Nyumbani mke wa Lihanda alimpongeza. Yeye alikula chakula chake, akasema ni kitamu, na usiku akalala akiwa ameelekea ukutani. Mara mbili aliandika barua ya kwenda gerezani na mara mbili alikwama baada ya tarehe.

Mwaka mmoja baadaye ikatoka sehemu ya pili. Kwa kuwa mitungi minne ilikuwa imetumika, waandishi wa Wizara walilazimika kuwaua mashujaa wanne, na wakawachagua wale wenye mikataba iliyokwisha. Aliyewaua katika filamu ni mwanamke aliyejificha ndani ya chombo, mwenye kucha ndefu na gauni la kinesi, aliyekuwa akipita chumba hadi chumba akifungua koki za watu. Uzinduzi uliamriwa ufanyike Mkongwa, kwa mafunzo. Kuhudhuria kulikuwa lazima. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja, na alama ya vema ilikuwa imeshachapwa ndani yake. Maagizo ya watazamaji yalibandikwa mlangoni: yule mwanamke akinyoosha mkono kwenye mtungi, wote wazomee kwa sekunde kumi.

Lihanda alipelekwa kusimamia. Safari hii, kwa cheo chake, aliketi mstari wa mbele karibu na mkuu wa wilaya, na maofisa wawili wa usalama nyuma yao. Ghala lilijaa. Watu walitazama kimya, hawakucheka pa kucheka wala pasipo pa kucheka, na mkuu wa wilaya alimnong'oneza kwamba anaona wameelimika.

Ukafika wakati wenyewe. Muziki ukawa mbaya, taa ndani ya chombo zikawa nyekundu, yule mwanamke wa kucha ndefu akanyata hadi ukutani akanyoosha mkono. Hakuna aliyezomea. Kiti kimoja kililia sakafuni, na Lihanda alipogeuka alimwona mama yake Tunu amesimama, binti yake mkononi, mnene wa mashavu, akitazama skrini. Akasimama mwanamume aliyekuwa kando yao. Mstari wao ukasimama, na wa nyuma yake, kisha wa pembeni, bila makofi, bila neno, mpaka mablanketi ya madirisha hayakuonekana tena kwa vichwa vya watu. Walisimama hivyo huku koki ikifunguliwa na sauti ya pumzi ikisikika kwenye spika za Wizara.

Mkuu wa wilaya alimshika Lihanda mkono, akamwambia aandike wote waliosimama, mmoja mmoja, asimwache mtu.

Lihanda alitoa kalamu. Alijiambia kwamba kuandika kunataka mtu aliyekaa. Aligeuza kiti, akaanza kuhesabu kutoka ukutani, akapotea, akaanza upya, akapotea tena, kwa kuwa giza lilikuwa jingi na watu walikuwa wengi. Akaona ni rahisi zaidi kuhesabu waliokaa. Walikuwa wanne: mkuu wa wilaya, maofisa wawili wa usalama, na Karani wa Maoni, Daraja la Kwanza.